Mji Mzima Uliniamini, Mke Wangu Hapana

Jumatatu, 4 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimeishi muda mrefu kuliko kaka zangu wote wanne, kuliko mabosi sita, kuliko kiwanda cha sabuni chenyewe – sasa hivi ni ghala la matairi. Magari mawili ya matangazo yamenifia mikononi, mimi nipo. Madaktari wawili waliosema nina moyo mbovu wamekufa, wote kwa moyo. Nipo.

Naandika kwenye daftari la kazi. Dada wa mawasiliano wa pale kazini alinipa niorodheshe mitaa ninayopita na gari. Mitaa naandika mbele. Haya naandika nyuma, ambako hafiki. Mwandiko wangu haujanyooka, shule niliachia darasa la tatu, lakini hakuna atakayesoma huku ila mimi, na mimi nauelewa.

Niitaje kazi yangu, maana nina haki ya kujivuna. Zaidi ya miaka arobaini nimekuwa mdomo wa wenye bidhaa. Nilianza na kengele mlangoni mwa duka la viatu. Kisha kipaza sauti juu ya gari. Kisha kiwanda cha sabuni wakanivisha tai, wakanipa meza na kibao: Afisa Uhusiano. Darasa la tatu, mezani pale! Wenye digrii ndio walioandika barua, mimi nawaambia tu waandike nini. Mji mzima unaniita Spika. Watoto hawajui kama nina jina jingine.

Sasa niko Nyumba. Ni shirika la hisani, linatunza wagonjwa waliorudishwa na hospitali, wale ambao ugonjwa umeshinda dawa. Hawaponyi mtu. Wanamwondolea maumivu, wanamwosha, wanakaa naye. Mtaani wanapaita Kwa Wasiorudi, wakipita wanavuka barabara. Kabla yangu wagonjwa waliletwa siku mbili kabla ya kuzikwa, wamechoka kwa kupiga kelele. Ndipo wakanitafuta mimi. Huu mwaka wa pili. Siku hizi wanaletwa mapema, na wengine wanatibiwa majumbani kwao. Vitanda kumi na sita, vyote vina watu. Nani kavijaza?

Mke wangu yuko chumba cha pili hapa nyumbani. Saratani ya kizazi, imeingia kwenye nyonga na mifupa ya mgongo. Hospitali walimrudisha mwezi wa kumi na moja. Nyumba hataki kwenda. Dawa ya Nyumba hataki kuionja. Sista wa Nyumba hataki hata akanyage mlango wake.

Watu wa vitanda kumi na sita nimewashawishi. Wa kumi na saba ananishinda.

Jumatano, 6 Machi

Leo mitaa mitano, na sokoni mara mbili. Sauti bado ipo. Dereva aliniambia nipunguze, nitapasua kipaza sauti. Nikamwambia basi watafute kingine kinachonitosha.

Nasema hivi: Una mgonjwa ndani, hali, halali, anauma shuka – usimfiche. Maumivu si adhabu. Tutakuja mpaka kitandani kwake. Nikishuka wananizunguka. Mwenye baiskeli mmoja akauliza kama kweli dawa hiyo haimmalizi mtu haraka. Nikamwambia sista atakueleza kitaalamu, mimi nakueleza nilichoona: kuna mzee pale alikuwa haguswi hata na shuka, leo anacheza karata, tena anaiba. Akacheka. Jioni akamleta mama yake.

Dada wa mawasiliano akaandika kwenye kompyuta yake, akasema, mzee wangu, wewe peke yako ni sawa na redio mbili. Nikamsahihisha: tatu.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu ameng'ata pembe ya mto, ananitazama.

"Wangapi leo?"

"Wanne."

"Wamekuamini?"

"Wameniamini."

"Maskini," akasema, akafumba macho.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu amekunywa maziwa vijiko viwili. Basi.

Alipogeuzwa upande wa kushoto alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na nimeishi naye miaka hamsini na mbili. Binti yangu alitoka nje akaenda kusimama kwa jirani yetu fundi cherehani, kama mtu aliyefuata nguo yake. Hana nguo kwa fundi.

Mimi nilibaki mlangoni. Nilisimama tu.

Jumapili, 10 Machi

Binti yangu amenikalisha. Baba, akasema, mlete sista tu, mama atafanya nini, hawezi hata kuinuka. Nikamwambia haiwezekani. Ndiyo sheria ya Nyumba, na ninaitangaza mimi mwenyewe kila siku: mgonjwa halazimishwi, akisema hapana ni hapana. Basi mbembeleze, akasema. Nimwambie nini ambacho sijamwambia?

"Labda umeshamwambia mno, baba."

Nikaingia hivyo hivyo. Nikamweleza upya, taratibu, kama ninavyoeleza watu. Dawa ya maji. Chupa ndogo. Kijiko kidogo kila baada ya saa nne. Haileweshi kama watu wanavyodhani, haimharakishi mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, bila kunikata.

"Umesema vizuri," akasema. "Na lile jiko la mafuta ulisemaje vile? Halitoi moshi?"

Nikafukuza nzi aliyetua kwenye shuka.

"Nilipikia nje miaka miwili. Na lile godoro, eti hata wajukuu watalilalia. Halikumaliza hata mwaka. Na sabuni."

Nilijua tutafika kwenye sabuni.

Niiandike, maana nimeisimulia mara mia na kila mara nimeacha kipande. Mwaka ule kiwanda kilikosea mchanganyiko. Mikono ya watu ikababuka. Wakaja getini, watu mia tatu, wamebeba sabuni kwenye ndoo wairudishe kwa nguvu. Meneja akajifungia chooni. Mimi nikapanda juu ya pipa na kipaza sauti. Kipande hicho watu wote wanakijua.

Kipande ambacho hawakijui ni hiki. Katika kazi yetu huwezi kusimama mbele ya watu bila kuwa na mtu wako katikati yao. Anauliza kama mgeni, anabisha kidogo, kisha anashuhudia: mimi nimetumia, imenifaa. Tunamwita mtu wa kupangwa. Wote wanaye, asiyekubali anadanganya. Wangu alikuwa mke wangu. Tangu enzi za duka la viatu. Hakuna aliyemzidi. Alikuwa anajua kubisha mpaka mimi mwenyewe naanza kuwa na wasiwasi.

Siku ile alitokea katikati ya wale mia tatu, ameinua mikono, ameipaka mafuta inang'aa. "Mimi naitumia hii sabuni," akasema. "Mikono yangu hii hapa. Siumwi popote." Chini ya yale mafuta ngozi ilikuwa imetoka kama ya wenzake. Nguo zetu zote alizifulia sabuni ile ile. Watu wakatazamana. Wakapoa. Wengine wakapiga makofi. Wiki iliyofuata nikapewa tai.

"Nilisimama pale mikono inawaka moto," akasema leo. "Nikasema siumwi, wakaniamini. Sasa zamu yangu nikuamini wewe?"

"Hii ni kweli, mama watoto."

"Unaisema kwa sauti ile ile."

Sauti ninayo moja. Nikamkumbusha chanjo ya surua, niliitangaza mimi, na ile ilikuwa kweli, watoto walipona. Akasema sawa, hiyo moja.

Jumatatu, 11 Machi

Siku mbaya.

Tulisimama penye mashine ya kusaga, foleni ndefu, watu hawana pa kwenda, mahali pazuri kuliko pote. Nikaanza. Usimfiche mgonjwa, nikasema. Mama mmoja muuza nyanya akaniuliza, tena kwa heshima, siyo kwa ubaya:

"Shikamoo mzee Spika. Na mkeo je? Watu wa mtaa wenu wanasema wanamsikia akilia. Yeye yuko kitanda cha ngapi?"

Foleni yote ikageuka.

Kipaza sauti kilikuwa wazi mdomoni. Nikavuta pumzi, pumzi ikasikika mpaka ng'ambo. Nikatafuta jibu. Mimi! Nimemjibu meneja, nimewajibu polisi, nimewajibu watu mia tatu na ndoo zao. Nikasema tutarudi kesho, nikamwambia dereva aondoe gari.

Huko Nyumba sista alikuwa ameshasikia. Ni mwanamke mfupi, hajawahi kupaza sauti, na kila mtu anamsikia. Nikamwambia nipe mtu. Mtu wa kweli kabisa, aje azungumze na mke wangu. Akafikiri. Yupo msusi mmoja, mama yake yuko kitanda cha sita. Yule mama aliyekuwa akipiga kelele mpaka majirani wakahama, sasa amelala, akiamka anapiga soga. Msusi akikubali mwenyewe, sista akasema, aende. Lakini kanishika mkono:

"Mzee, mwache aseme kwa maneno yake. Usimpange."

Nikamwambia hii kazi niliianza mama yako hajazaliwa.

"Ndiyo maana nakuambia," akasema.

Jumatano, 13 Machi

Nimeharibu. Naandika yote.

Msusi alikubali. Binti mpole, vidole vyake havitulii, hata mkanda wa mkoba anausukasuka. Tulikwenda kwa miguu. Njiani nikamwuliza, utasema nini ukifika? Akaanza: mama alitapika siku mbili za kwanza. Choo kikafunga. Yeye mwenyewe alilia siku ya kutia sahihi mama apokewe Nyumba, akaona kama anamuuza mama yake. Nikamwambia, mwanangu, matapishi tuyaache nyumbani. Anza na usingizi. Mgonjwa anataka kusikia usingizi. Sema: Alikuwa hafumbi macho, sasa analala mpaka kunakucha. Halafu ukae kidogo, uiseme tena.

Ilinijia yenyewe. Nikajiona bado ninacho kipaji.

Mke wangu alikuwa ameegemezwa na mito, binti yangu amemchana nywele. Msusi akamwamkia, akaitikia vizuri. Wakaanza kuzungumza. Mke wangu akamwuliza mama yake anaumwa wapi, na inamuuma vipi, na akigeuzwa anafanyaje. Msusi akamjibu. Waliongea kama watu wawili wanaojuana. Nikauona mkono wa mke wangu ukiliachia shuka. Mkono ule haujaliachia shuka tangu mwezi uliopita.

Kisha msusi akanitazama mimi. Akasema:

"Alikuwa hafumbi macho, sasa analala mpaka kunakucha."

Mke wangu akamgeuzia uso.

"Sema tena, mwanangu."

Akasema tena. Neno kwa neno, na akapumzika pale nilipomwambia.

Mke wangu akacheka. Alicheka mpaka maumivu yakamkamata katikati, kicheko kikageuka ile sauti ya Jumamosi, tukamshika wote watatu. Ilipopita akasema, "Hilo langu." Akamweleza msusi: dawa ya mbu, stesheni ya treni, yeye ana mtoto mgongoni. Alikuwa hafumbi macho mwanangu huyu, sasa analala mpaka kunakucha. Na ukae kidogo, useme tena.

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilidhani ni jipya.

Msusi akalia. Akaapa kwamba mama yake yupo, kitanda cha sita, analala kweli. Mke wangu akampapasa mkono. Hakumkasirikia. Hiyo ndiyo iliyoniua.

"Sawa, mwanangu. Na mimi nilikuwa naapa hivyo hivyo. Unaweza kazi. Ila usimtazame yeye kabla ya kusema, watu wanaona."

Angesema kutapika, mke wangu angemwamini. Hakuna muuzaji anayetaja matapishi. Neno hilo nililiondoa mimi, kwa mdomo wangu, njiani.

Alhamisi, 14 Machi

Sikutoka na gari. Dada wa mawasiliano alipiga simu, mzee wangu vipi, mitaa inakungoja. Nikamwambia koo. Koo langu ni zima.

Msusi amemweleza sista kila kitu. Sista hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mke wangu hajala.

Jumamosi, 16 Machi

Jana na leo nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda chake. Sina la kusema, nikanyamaza. Yeye akitetemeka namfuta jasho. Akitulia natulia. Mchana akanitazama sana.

"Mbona kimya? Umenitangulia?"

Nikatikisa kichwa.

Jua likatoka dirishani likahamia ukutani. Akasema:

"Ile dawa yenu. Inafanya kazi?"

Maneno yakaja yote, yamejipanga, nayajua moja moja kama watoto wangu. Nikayaona yanakuja, nikachoka.

"Sijui," nikasema. "Sijaionja mimi. Yule mama wa kitanda cha sita alitapika siku mbili."

"Alitapika?"

"Na choo kilifunga. Wakampa dawa ya hiyo."

"Halafu?"

"Halafu sijui ni dawa au ni nini. Nimemwona amelala, basi. Na mwanawe alilia kutia sahihi."

Akatazama dari mpaka binti yetu alipokuja kumgeuza. Ile sauti ikatoka tena, ndefu. Ilipokwisha akamwambia binti, siyo mimi:

"Mwiteni huyo sista. Jumatatu. Simwahidi kitu, nitamsikiliza. Lakini baba yako asiingie humu. Na akae pale nje, asiondoke, na asitoe neno mpaka sista amalize. Hata kikohozi. Nataka nimsikie mwanamke yule bila huyu nyuma yake."

Nilitaka kusema nimekubali. Nikafunga mdomo, nianze kuzoea.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika nimekaa nje, chini ya dirisha la chumba chake. Dirisha ni la juu na lina wavu, mimi simwoni, yeye hanioni.

Tangu nimeamka sijatoa neno. Fundi cherehani aliniamkia, nikamwinulia mkono, akadhani nimepooza, akaja mbio pini ziko mdomoni. Binti yangu akamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema siku hii iwekwe kwenye kalenda. Amesogeza cherehani yake mlangoni anitazame, anasema kufika saa sita nitapasuka.

Saa nne sista akafika. Akanigusa bega, akapita. Mlango ukafungwa.

Nasikia, ila cherehani inakula maneno mengine. Sista anauliza polepole: panauma wapi, ni kama kuchomwa au kama kubanwa, maumivu yalianza lini. Mke wangu anajibu. Anajibu mambo ambayo hajawahi kuniambia. Yalianza mwaka juzi, anasema, wakati wa mvua. Mimi nilijua mwaka jana. Sista anamwuliza kwa nini hakusema. Anasema, nyumba hii ilikuwa na kelele.

Nimeandika hivyo hivyo alivyosema.

Chupa imewekwa juu ya meza, nimesikia kioo. Sista anamwambia kijiko kidogo tu, na leo na kesho anaweza kutapika, na akitaka kuacha wataacha. Sijui kama amekishika kijiko. Sijui anakitazama.

Sasa anauliza, "Mzee yuko wapi?"

"Yuko hapo nje, mama, chini ya dirisha."

"Hayupo," mke wangu anasema. "Huyo ameshapanda gari lake. Angekuwepo tungemsikia."

"Yupo, mama. Nimempita nikiingia."

Kisha sauti yake, imebadilika:

"Na wewe amekupanga?"

Cherehani imesimama. Binti yangu anasema mlangoni, mama, yupo. Anajibiwa, wewe ni damu yake.

Nikisema nipo, nimevunja sharti, ataniambia unaona. Nisiposema, sista ni mwongo, na chupa itarudi mkobani. Nimefungua mdomo mara mbili. Nimeufunga mara mbili. Magoti hayanifikishi dirishani, nimejaribu. Fundi amesimama ananitazama, hacheki tena. Kijiko hakijasikika.

Mimi nipo hapa. Fundi cherehani ameniona, hajaniondolea macho tangu asubuhi. Binti yangu ananiona sasa hivi. Sista ameniona, na amenigusa bega. Waulizwe hao watatu. Mimi nisiulizwe.